Jumba la Mtoni: Paa lilipoondoka, kuta zikaanza kufa

MSAFIRI atokaye Mji Mkongwe wa Zanzibar kuelekea Bububu hulipita jumba kongwe kuliko majumba yote ya kifalme ya Unguja, na mara nyingi hupita asilione. Magofu ya Beit el Mtoni yamejificha ukingoni mwa bahari, yapata kilometa tano kaskazini ya mji, kando ya kijito kilichokipa kitongoji hicho jina lake.

Shamba hilo awali lilikuwa mali ya Saleh bin Haramil, Mwarabu wa Oman anayetajwa kuwa miongoni mwa walioleta mikarafuu Zanzibar. Sayyid Said bin Sultan alimnyang'anya, kisha akajenga makazi yake hapo kati ya mwaka 1828 na 1832.

Ndani ya jumba hilo ndimo alimozaliwa Binti Mfalme Salme mwaka 1844, na kumbukumbu zake alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886 ndizo zinazotuwezesha kuyasoma magofu ya leo. Anaeleza ua mpana uliozungukwa na majengo, tausi na paa wakizurura humo, na watu wapatao elfu moja waliokaa hapo, wengi wao watumwa. Mbele, kuelekea bahari, palikuwa na benjle, yaani banda la mbao la duara lililopakwa rangi, ambamo baba yake alizoea kutembea huku na huko, kichwa amekiinamisha, akichechemea kwa jeraha la vita.

Benjle limetoweka. Kilichosalia ni kuta nene na mabaki ya hamamu, na hizo nazo zimo hatarini.

Sababu imo katika namna zilivyojengwa. Ukuta wa Mtoni, kama kuta za Mji Mkongwe, si jiwe tupu. Ni vipande vya mawe ya matumbawe vilivyoshikizwa kwa chokaa na udongo. Juu yake hulazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti hushindiliwa sakafu ya kokoto na chokaa. Kwa kuwa boriti moja haivuki mbali zaidi ya mita tatu hivi, vyumba vya majumba ya namna hii huwa virefu na vyembamba, hata kwa mfalme. Mti wa mwambao ndio uliokuwa fundi mkuu.

Jengo la aina hiyo huishi kwa kufunikwa. Chokaa hupumua: hunywa unyevu na kuutoa, mradi lipu ipakwe upya mara kwa mara na paa lisivuje. Jumba lilihamwa kabla ya karne ya 19 kumalizika, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza likageuzwa ghala. Mvua ilipopata njia kutoka juu, iliosha udongo uliomo katikati ya ukuta, boriti zikaoza vichwani, na mbegu za miti zikaotesha mizizi katika nyufa.

Wapo wanaodhani mifuko michache ya saruji ingetosha kuziokoa. Kumbe saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu; maji hunaswa nyuma yake, chumvi ya bahari hukusanyika, na jiwe humomonyoka kama unga huku uso wa ukuta ukionekana mzima. Tiba yake ni ile ile ya kale: chokaa iliyochomwa na kulowekwa kwa muda mrefu, na fundi anayejua kuisubiri.