Uwanja wa Mkwakwani na Timu za Tanga

Mpira wa miguu katika miji ya pwani ya Tanganyika haukupata kutengana na riziki za watu wa miji hiyo, na atakaye kuijua tarikhi ya Uwanja wa Mkwakwani hana budi aanze kuitazama bandari ya Tanga, reli yake, na mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji, maadamu huko, wala si majukwaani, ndiko ilikotoka fedha iliyozilisha timu zake. Mkonge uliletwa na Mdachi aitwaye Richard Hindorf mwaka 1893, mwaka uleule ilipoanza kujengwa reli ya Usambara. Na reli hiyo ilipofika Moshi mwaka 1911, Tanga ilikwisha kuwa mji wa makuli, makarani, mafundi wa gereji za reli na manamba wa kila kabila, ambao jioni, kazi ikisha, walijiliwaza kwa ngoma za beni na, baadaye, kwa kandanda.

Ngamiani, mtaa ambao barabara zake hutajwa kwa namba badala ya majina, ndiko zilikolelewa timu mbili mashuhuri za mji: African Sports, ambao mashabiki huwaita Wana Kimanumanu, na Coastal Union, iliyoasisiwa mwaka 1948, ambayo hujulikana kwa lakabu ya Wagosi wa Kaya. Uhasimu wao si wa kutoana damu. Ni wa watu wanaokula sahani moja, ndugu wawili wa tumbo moja wakashabikia timu mbili, na siku ya mechi yao baraza za kahawa hujaa utani tangu alfajiri, na aliyefungwa hujua kwamba kesho yake atapita mtaani kwa kujificha, au atapita wazi na kustahimili.

Ilikuwa ada ya zama zile, si Tanga tu bali nchi nzima, kijana mwenye miguu mizuri kupewa kazi bandarini, relini au kiwandani, akawa mtumishi wa asubuhi na mchezaji wa jioni, hata timu isilazimike kumlipa mshahara. Mji wenye viwanda vingi ulikuwa, kwa njia hiyo, mji wenye wachezaji wengi. Na Tanga, ambayo mwaka 1972 iliongezewa kiwanda cha mbolea, haikukosa pa kuwaweka. Tunda kubwa la nidhamu hiyo lilivunwa mwaka 1988, Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, ikawapiga kumbo Simba na Yanga wa Dar es Salaam. Miongoni mwa waliokuwamo katika kikosi kile alikuwa Juma Mgunda, ambaye jina lake tutalirudia.

Lakini ubingwa ule ulipatikana wakati msingi wake umekwisha kuliwa na mchwa. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, ikiongoza dunia nzima. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zilibaki tani kama 20,000 tu, kwa sababu kamba za nailoni ziliteka soko, na mashamba yaliyotaifishwa mwaka 1967 hayakupata uangalizi uliostahili. Kiwanda cha mbolea nacho kilifungwa mwaka 1991. Ajira zikipungua, mchezaji hodari hana tena sababu ya kubaki Tanga, naye hufuata fedha Dar es Salaam. Na timu iliyokuwa ikimlea ikabaki kutegemea viingilio vya siku Simba au Yanga watakapokuja, pamoja na hisani ya matajiri wachache.

Athari ya hayo ilidhihirika katika msimu wa 2015/16. Katika timu 16 za Ligi Kuu, tatu zilitoka mkoa mmoja wa Tanga, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo, timu ya jeshi la kujenga taifa. Na zote tatu zikiutumia Mkwakwani kama nyumbani, nyasi zilezile zilipaswa kubeba mechi 45 za ligi kwa msimu mmoja, mbali na mazoezi. Wenye mji walijivuna, na walikuwa na haki. Ligi ilipokwisha, timu tatu zilipaswa kushuka daraja, na zilizoshuka ni hizohizo tatu. Sijui mji mwingine katika nchi yetu uliopatwa na msiba kama huo kwa msimu mmoja. Coastal ilirejea mwaka 2018. Wenzake wakabaki madaraja ya chini.

Mgunda ndiye, safari hii akiwa kocha, aliyeifikisha Coastal fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2022, jijini Arusha, katika uwanja wenye jina la Sheikh Amri Abeid, yule mshairi aliyetufundisha sheria za kutunga mashairi. Abdul Suleiman Sopu aliifunga Yanga mabao matatu peke yake, mechi ikaisha 3-3, na Yanga wakashinda kwa matuta. Baada ya muda mfupi Sopu alikwisha hamia Azam, Mgunda naye alikuwa Simba.

Mkwakwani wenyewe ni mali ya Chama cha Mapinduzi, kama vilivyo Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya na Majimaji wa Songea, viwanja vilivyobaki mikononi mwa chama hata baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, ilhali wapo wanaodai kuwa vilijengwa kwa jasho la wananchi wote. Mimi naona shida kubwa iko kwingine: mwenye uwanja hana timu, na mwenye timu hana uwanja, basi nyasi zikikauka kila mmoja humtazama mwenzake. Mkwakwani uliandaa fainali ya Shirikisho ya mwaka 2023, Yanga wakaifunga Azam 1-0, na Agosti yake ukaandaa Ngao ya Jamii, Simba wakaishinda Yanga kwa matuta. Msimu wa pili baada ya fakhari hizo, Oktoba 2024, Coastal Union ilikuwa mwenyeji wa Yanga katika ligi, na mechi hiyo ilichezwa Arusha.