Kokwa la Embe katika Nchi ya Dhahabu

Saza, wilayani Songwe kwenye machimbo ya Lupa, ni nchi ya watu wa kuja. Tangu dhahabu ya Lupa ilipogunduliwa mwaka 1922, wageni wameifuata miamba yake, na mgodi wa New Saza ulipofungwa mwaka 1956, wengi walikwenda kutafuta riziki kwingine. Hata leo wachimbaji wadogo hufuata tetesi: palipotoka mali, ndipo kambi inapohamia. Katika nchi kama hiyo, mti uliopandwa uani kwa mbegu ni tangazo kwamba mwenye mji huu haendi popote.

Mwembe ndio unaotangulia. Embe huiva mvua zinapoanza, basi kokwa halikosi unyevu. Mama mwenye nia halitupi jalalani. Hulisugua nyuzi, huliacha kivulini siku mbili tatu, kisha hulipasua ganda kwa kisu, taratibu, atoe mbegu ya ndani. Akichelewa, mbegu hukauka na kufa. Huifukia kwenye kopo lililotobolewa chini, na baada ya wiki mbili tatu majani mekundu huchomoza. Mbegu moja ya embe la kienyeji huweza kutoa miche kadhaa: mmoja hubaki, mingine huenda kwa majirani.

Mkwaju, ulioipa jina Mkwajuni, makao makuu ya wilaya hiyo, unataka subira zaidi. Mbegu zake ni ngumu, hivyo hulowekwa usiku kucha kabla ya kupandwa.

Kazi kubwa huja kiangazi, Mei hadi Oktoba. Maji ya kusuuzia vyombo hayamwagwi ovyo. Watoto huyapeleka shinani. Mche huzungushiwa matawi ya miiba, kwa kuwa mbuzi hajui mwembe wa nani. Hapo ni kungoja miaka mitano, pengine minane, ndipo embe la kwanza lionekane.

Kwa hiyo kupanda kuna adabu yake. Mpangaji anaweza kuotesha mchicha, bamia, hata mpapai. Mti wa kudumu haupandi bila ruhusa, kwa sababu mti ni madai: ardhi ikitwaliwa, mazao ya kudumu huhesabiwa kwenye fidia, na mpaka ukigombaniwa, wazee huuliza nani aliupanda mwembe ule. Mwenye nyumba akimwambia mpangaji wake, “Panda tu, mwanangu,” majirani hutazamana. Ama kiwanja kimeuzwa, ama mgeni kapewa binti.