Nilikonda, Ngozi Ikabaki

Hapa kwetu Mombasa, na nadhani hata huko bara, unene wa mtu haujawa jambo la aibu kubwa. Mwanamke aliyejaa husifiwa kwamba ameolewa mahali pema, na mwanamume mwenye kitambi huitwa "mdosi" hata kabla hajatia mkono mfukoni. "Umenenepa!" ni salamu, wala si tusi. Kwa hiyo, msomaji, usishangae nikikuambia kwamba nilipokuwa na kilo 131 hakuna jirani hata mmoja aliyenionea huruma. Waliolalamika ni magoti yangu, na daktari aliyekuwa akinipima sukari.

Maneno yalianza nilipoanza kukonda. Tangu miaka ya 1980, ugonjwa wa ukimwi ulipoenea Afrika Mashariki na wenzetu wa Uganda wakaupa jina la "Slim", mtu akipungua mwili huulizwa kwa macho kabla ya kuulizwa kwa mdomo. Dawa zipo siku hizi, na watu wanaishi na virusi miaka mingi wakiwa na afya zao, lakini macho yale hayajabadilika. Wifi yangu aliniletea chupa ya mafuta ya samaki. Mama mkwe, ambaye ni mtu wa adabu sana, alinivuta kando akaniuliza kama mwanawe ananiachia pesa za kutosha za chakula.

Jinsi nilivyopungua si habari ya leo. Kwa ufupi, ni ugali mdogo, mboga nyingi, chai isiyo na sukari, na kutembea kila alfajiri kwa muda wa miaka 2 na miezi 3. Wengine hufanyiwa opereshini ya kupunguza tumbo la chakula, nao hufika mahali hapo hapo kwa njia fupi zaidi. Mimi nilifika kilo 72. Nilidhani nimemaliza kazi.

Kumbe ngozi haikuwa na habari. Umeshaona mpira wa kiunoni wa sketi iliyovaliwa miaka kumi? Ukiuvuta hauruki tena kurudi. Ndivyo ilivyo ngozi iliyobeba unene muda mrefu, kwani zile nyuzi zake za ndani zinazoivuta na kuirudisha huwa zimekatika. Kijana aliyenenepa mwaka mmoja akakonda, yake huenda ikarudi. Yangu, baada ya miaka 20 na watoto watatu, ilining'inia kutoka kitovuni ikafunika mwanzo wa mapaja kama aproni ya mpishi. Mikono nayo ilikuwa na mabawa. Hakuna mazoezi yanayoondoa kitu hicho, na yeyote anayekuuzia mafuta ya kukipaka anakula pesa zako.

Watu hufikiri shida ni kioo, kumbe shida ni joto. Katika mwezi wa Februari wa Mombasa, mahali ngozi inapolala juu ya ngozi hapakauki hata usiku. Kwanza huwa wekundu, kisha upele, kisha ngozi yenyewe huchanika na kutoa maji yenye harufu. Nilikuwa nikikunja kipande cha kanga kuukuu na kukipachika chini ya mkunjo ule kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha, na saa nne, wakati wa mapumziko, nilijifungia chooni nikakibadilisha. Mwalimu hujua watoto wanapoanza kusogeza madawati nyuma.

Daktari wa ngozi ndiye aliyenituma kwa mpasuaji wa plastiki. Neno hilo nilipolitaja nyumbani, mama mkwe aliuliza kwa wasiwasi kama watanitia plastiki tumboni. Nikalazimika kusoma kidogo ili nimjibu. Neno limetoka katika Kigiriki, maana yake ni kufinyanga, kama mfinyanzi anavyofanya na udongo. Mjerumani aitwaye Eduard Zeis alilitumia katika kitabu chake cha upasuaji mwaka 1838, miaka mingi kabla ya ndoo na mifuko ya plastiki kuwako duniani. Tena kazi hii ya kukata tumbo si ya juzi. Mwaka 1899 daktari Howard Kelly wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, alimwondolea mwanamke mmoja aproni ya namna yangu iliyopita kilo 7.

Na hapa nitoke nje ya njia kidogo, maana jambo hili wengi wetu hatulijui. Shirika la AMREF, lile la madaktari waendao kwa ndege, lilianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu: Michael Wood aliyekuwa akifanya kazi Kenya, Archibald McIndoe mzaliwa wa New Zealand, na Tom Rees wa Marekani. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa plastiki. McIndoe ndiye aliyewatengeneza nyuso na mikono marubani walioungua katika Vita Vikuu vya Pili. Basi mtu anaposema kwamba upasuaji huo ni anasa ya waigizaji wa sinema, mimi huwakumbuka wale watatu.

Kampuni yangu ya bima, ambayo sitaitaja, haikuwakumbuka. Ilijibu kwa mistari miwili kwamba hayo ni mambo ya urembo na hailipi. Urembo! Nikauza shamba dogo nililorithi kwa marehemu baba, mume wangu akaongeza kwa mkopo wa chama.

Mpasuaji hakuwa na haraka. Kwanza alitaka uzito wangu utulie mahali pamoja kwa miezi 6, kwani ukikata kisha mtu akaendelea kukonda, ngozi italegea tena. Alipima damu, akaikuta chache, akanirudisha nyumbani miezi 2 na vidonge vya madini ya chuma. Aliniamuru nile mayai, samaki na maharagwe, maana waliokonda sana wamezoea kula kidogo, na kidonda hakishoni bila vyakula vya kujenga mwili. Aliniuliza habari za sigara, akasema anayevuta lazima aache wiki kadhaa kabla, kwa kuwa moshi hubana mishipa midogo ya damu na ngozi iliyoshonwa hufa. Alinitazama hata masikio. Ndiyo, masikio! Alitaka kujua kama matundu ya vipuli yaliwahi kuota uvimbe, kwani ngozi nyeusi kama zetu zina tabia ya kutengeneza makovu yaliyovimba, na sikio hutoa habari mapema.

Opereshini ilifanywa Machi 2023, ikachukua saa 4. Walichora kwa wino mstari kutoka nyonga hadi nyonga, wakakata, wakaivuta ngozi ya juu chini kama fundi cherehani anayepunguza gauni, wakashona. Kitovu hakitupwi. Hubaki kimeshikilia shina lake, kisha ngozi iliyovutwa hutobolewa tundu jipya kitokeze. Mimi ni mtu wa pwani na mambo ya kitovu si mchezo kwetu. Nilifurahi kuambiwa kwamba ni kile kile alichonifunga mkunga, ila mlango ndio mpya.

Jioni ile ile manesi walinisimamisha. Nilitembea nimepinda kama bibi wa miaka 90, kwa sababu ngozi imevutwa na huwezi kujinyoosha kwa siku kumi hivi. Lakini kutembea ni lazima. Baada ya opereshini kubwa kama hiyo damu yaweza kuganda katika mishipa ya miguu, na kipande kikichomoka kikapanda mapafuni, mtu hufa ghafla. Kwa ajili hiyo pia nilipigwa sindano za kuzuia damu isigande na kuvishwa soksi za kubana. Pembeni mwa tumbo nilikuwa na mipira miwili myembamba yenye vichupa, ya kunyonya maji yanayokusanyika chini ya ngozi. Kila asubuhi tuliyapima na kuandika, na yaliposhuka chini ya mililita 30 kwa siku, mpira ulitolewa.

Juu ya hayo yote nilifungwa mkanda mpana wa kubana, mchana na usiku, wiki 6. Shangazi yangu alipouona alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, huo si mkaja?" Na kweli ni mkaja. Wazee wetu walimfunga mzazi tumbo kwa kitambaa siku arobaini, na mpaka leo katika posa za pwani mama wa bibi harusi hupewa mkaja wake, malipo ya tumbo alilofunga. Hospitali waliniuzia wangu kwa bei ya mbuzi.

Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa. Siku ya 16 niliona tumbo la chini linacheza kama mfuko wa maji. Maji yalikuwa yamejikusanya tena baada ya mipira kutolewa; daktari aliyavuta kwa sindano, akasema ndiyo taabu ya kawaida kuliko zote katika opereshini hii. Siku ya 19, siku ya Jumamosi, nilikuta doa jeusi katikati ya mshono, kubwa kama sarafu ya shilingi 20. Jioni nikatetemeka kwa homa. Nilipopiga simu hospitali niliambiwa nije Jumatatu.

Jirani yangu mmoja ni nesi aliyestaafu baada ya miaka 34 ya wodi. Alifunua bendeji, akanusa, akasema, "Jumatatu hakuna. Vaa viatu." Alinipeleka mwenyewe usiku ule hospitali nyingine, akagombana na bawabu, akagombana na mpokezi. Nilipolazwa kitandani mshono ulikuwa umekwisha kufumuka upana wa vidole vitatu, na usaha ukatoka. Nilimsikia daktari kijana akimwambia mwenzake kwamba ningengoja siku mbili vijidudu vingeingia katika damu. Nami nikawawaza wanangu watatu, na lile shamba la baba.

Sababu alinieleza baadaye yule mpasuaji, ambaye alikuja mwenyewe asubuhi na, kwa haki yake, hakukwepa. Katikati ya mshono ndipo ngozi huvutwa zaidi na ndipo damu hufika kwa shida. Kwa watu waliokonda sana hatari ni kubwa kuliko kwa wengine, maana ngozi yao imechoka na huondolewa nyingi. Kipande kikikosa damu hufa, kikifa huwa chakula cha vijidudu.

Nilidhani watanishona upya siku ile ile. La. Kidonda chenye uchafu hakifungwi, maana ukikifunga umefungia adui ndani. Walikata iliyokufa, wakaniwekea dawa ya mshipani, wakaniambia kidonda kitajaa chenyewe kutoka chini kuja juu. Kilikuwa na kina cha kidole changu kidogo chote. Mara mbili kila siku kilioshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali na kujazwa shashi mbichi. Shangazi alileta asali na manjano. Asali hutumika hata hospitalini, lakini ile iliyosafishwa kwa kazi hiyo, si ya chupa ya sokoni. Nesi wangu aliipokea kwa heshima, akaitia katika chai.

Jambo hili la kuosha kidonda halimo katika bei unayotajiwa. Nalisema wazi kwa sababu niliulizia kila kitu isipokuwa lisiloulizika. Walinitajia gharama ya chumba cha upasuaji, ya dawa ya usingizi, ya vitanda. Hakuna aliyeniambia kwamba huenda nikahitaji mtu wa kukaa nami asubuhi na jioni kwa wiki 9. Mtu anayeishi peke yake angefanyaje?

Mume wangu mwanzoni hakuweza kutazama. Alisimama mlangoni akijifanya anatafuta ufunguo. Nesi alimwacha wiki mbili, ya tatu akamwita: "Baba, wewe si fundi wa magari? Njoo uone injini." Tangu jioni hiyo akawa yeye. Akirudi gereji aliosha mikono hadi viwikoni, akakata kucha, akatandaza kitambaa safi, akavuta shashi ya zamani polepole kuliko nesi yeyote. Alipima kina kwa kijiti cha pamba na kuandika katika daftari lake la gereji, ukurasa wa mwisho, nyuma ya madeni ya wateja. Katika miaka 22 ya ndoa hatukuwahi kuzungumza kama tulivyozungumza katika zile nusu saa. Sisemi kwamba nashukuru kupata kidonda, nasema lililotokea.

Kilifunga mwezi wa Juni. Mshono ukipona hauwi kama ngozi ya kwanza. Hata baada ya miezi mitatu nguvu yake ni kama asilimia 80 tu, na haizidi sana hapo. Kovu langu ni refu, jembamba ubavuni, pana na lenye shimo katikati. Kwa mwaka mzima lilikuwa jeusi, likiwasha usiku, kisha likaanza kulainika. Halikuota uvimbe, masikio yalisema kweli. Upele umekwisha kabisa, na kipande cha kanga sasa ni tambara la kupangusia ubao.

Mama mkwe aliniuliza juzi kama ningejua yote haya ningekubali. Nilimjibu ndiyo kwa tumbo. Kwa mikono sijui. Ile opereshini huacha kovu kutoka kwapani hadi kiwikoni, mahali panapoonekana, na kwa gauni la mikono mirefu mabawa yangu hayamsumbui mtu.

Mpasuaji ameshauliza. Nilimwambia kwamba mwaka huu binti yangu anaingia chuo na pesa zina kazi. Mume wangu, aliyekuwa amekaa kando, alisema kwamba shashi bado zipo kabatini, boksi moja na nusu.