Mzio ni Nini?

Daktari akisema mtoto ana mzio, wengi wetu husema aleji. Neno aleji lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Austria. Lakini mzio ni neno letu la kale. Lilikuwa jina la chakula ambacho mtu amekatazwa kula, pengine na mganga, pengine na ukoo wake. Wakikuyu huita mwiko kama huo mugiro, nao Waganda muziro. Ni shina lile lile la Kibantu.

Hapa ndipo akina mama huchanganyikiwa. Mtoto ananyimwa yai, eti atachelewa kusema. Huo ni mwiko tu. Yai halimzuii mtoto kusema. Akifikisha miezi 6, mpe yai lililoiva vizuri, kidogo kidogo kwanza.

Mzio wa daktari ni mwili wenyewe kukataa. Kinga ya mwili hukidhania chakula kuwa adui. Mara nyingi ndani ya saa 2 baada ya kula, ngozi hutoka vipele vya kuwasha, midomo huvimba, au mtoto hutapika. Acha chakula hicho umpeleke kliniki. Akipumua kwa shida au akilegea, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kesho.

Na ukimwacha kwa nyanyake, mwambie waziwazi: karanga ni mzio wake, hata kijiko kimoja kwenye mboga.