Unyevu chini ya sakafu ya mbao ni adui wa mapafu

Je, ulihamia nyumba mpya yenye sakafu ya mbao inayong'aa, kisha baada ya miezi michache mtoto akaanza kukohoa usiku? Kabla ya kulaumu baridi, chunguza kilicho chini ya miguu yako.

Ubao, hata uwe mgumu kama mvule, hufyonza unyevu na kuutoa tena. Ukiupata, hufura, ukikauka, husinyaa. Mbao zikitandikwa juu ya saruji ambayo haijakauka, unyevu hupanda polepole na kunaswa chini yake. Hapo kuvu huota, mahali ambapo ufagio haufiki wala jua haliingii.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya kupumua, na kwamba pumu huzidi makali.

Basi ufanyeje? Kwanza, usimharakishe fundi. Saruji huhitaji takriban mwezi mmoja kukauka kwa kila inchi ya unene. Sakafu ya inchi 4 itachukua kama miezi 4, na zaidi wakati wa mvua ndefu. Bandika karatasi ya plastiki juu yake, uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, uiache siku 1 hadi 3. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekuwa nyeusi, ngoja.

Pili, mbao zikaletwe baada ya plasta na rangi kukauka, zikae ndani ya nyumba wiki 1 au 2 zizoee hewa yake. Tatu, fundi aache nafasi ya milimita 10 hivi kando ya kuta, ili mbao zikifura zipate pa kwenda.

Ukishahamia, usimwage ndoo ya maji sakafuni. Pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, na ufungue madirisha kila siku. Kingo za mbao zikiinuka au ukisikia harufu ya uvundo, usifunike kwa zulia. Tafuta maji yanakotoka.

Na mtoto akipumua kwa shida, mpeleke hospitalini mara moja. Usingoje sakafu ikauke.