Faida ya Mashine Iandikwe Kabla Mashine Haijafika

Hapana mtu aliyepata kubeba gunia begani kutoka tumboni mwa meli hadi ghalani ambaye ataichukia kreni. Kazi ile ilivunja migongo na kukata vidole, na wako walioiaga dunia wangali vijana kwa sababu yake. Kwa hiyo makala haya hayaandikwi kuipinga mashine. Yanaandikwa kwa sababu mashine inapoingia mahali pa kazi huleta faida, na faida ile, kama fedha yoyote isiyoandikwa daftarini, humwendea yule aliye karibu na sanduku.

Na tutazame bandari, maana ndiko jambo hili lilikodhihirika wazi kabisa.

Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston, ikiwa imebeba masanduku 58 makubwa ya chuma. Mwenyewe, Malcom McLean, hakuwa mtu wa bahari. Alikuwa tajiri wa malori. Alitambua kwamba gharama kubwa ya safari haiko baharini, iko gatini, ambako meli hukaa siku nyingi ikingoja shehena ishushwe kipande kimoja kimoja, gunia kwa gunia, pipa kwa pipa. Kwa hesabu za siku zile, kupakia tani moja ya mizigo ya namna hiyo kuligharimu karibu dola 6. Kwa masanduku yake McLean alilipa senti 16 hivi. Mwaka huo huo wa 1956 hapa kwetu Dar es Salaam ndipo zilipofunguliwa gati za maji marefu; kabla ya hapo mizigo ya meli kubwa ilikuwa ikiletwa pwani kwa matishari.

Msomaji asidhani kuwa tofauti ile ya dola 6 na senti 16 ni habari ya wenye meli peke yao. Meli inayokawia bandarini hulipiwa na mnunuzi wa sabuni aliyeko Tabora, na mwenye duka wa Bujumbura, na mchimba shaba wa Zambia. Sanduku lililofungwa haliibwi ovyo wala halinyeshewi na mvua. Mwenye biashara anayesema kwamba mitambo imempunguzia hasara hasemi uongo.

Lakini lile sanduku lilileta jambo la pili, ambalo wengi hawakulitazamia. Zamani mzigo haukuweza kupangwa melini ila na makuli wa bandari, hapo hapo gatini. Mara tu ulipotiwa katika kontena, uliweza kupangwa mahali popote, hata katika ghala lililo maili nyingi kutoka baharini, na watu wengine walioajiriwa na mkandarasi mwingine kwa ujira mwingine. Hivyo mashine na wakala wa vibarua waliingia kwa mlango mmoja. Kwa mwenye kampuni faida ni dhahiri: hulipa kazi iliyofanyika tu, na likizo na matibabu ni shauri la mkandarasi. Kazi ikipungua, watu wa mkandarasi hukaa nyumbani na yeye hana habari nao. Kadhalika yako mambo ambayo mkandarasi huyajua vizuri zaidi. Kampuni ndogo haina sababu ya kumweka fundi wa kudumu kwa mtambo unaoharibika mara mbili kwa mwaka. Hilo nalo ni kweli, na si haki kulificha.

Sasa tuone makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani walifanya nini. Kiongozi wa chama chao, Harry Bridges, mzaliwa wa Australia aliyekuwa baharia, alikuwa amepata sifa katika mgomo mkubwa wa mwaka 1934. Kwa miaka mingi chama kilizipigania kanuni za kazi ambazo nyingine, tuseme kweli, zilikuwa za kupoteza wakati: nusu ya kundi ikipumzika huku nusu inafanya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bridges na wenzake waliona kwamba mashine haiwezi kuzuiwa milele, bali inaweza kutozwa bei. Oktoba 1960 wakatia sahihi mkataba na waajiri. Waajiri walipata ruhusa ya kuleta mitambo na kupunguza watu katika makundi. Badala yake walikubali kutoa dola milioni 29 kwa muda wa miaka mitano na nusu. Mwanachama kamili hakuachishwa kazi kwa sababu ya mashine, na alidhaminiwa malipo ya saa 35 kwa juma. Aliyefika umri wa miaka 65 baada ya kutumika miaka 25 alipewa dola 7,920, mbali na pensheni yake.

Je, waajiri walifilisika? Sivyo. Waliokoa fedha nyingi kuliko walizotoa, na shehena ikaongezeka hata ile dhamana ya saa 35 haikuhitajika kutumika.

Hata hivyo mkataba ule ulikuwa na kasoro mbili. Vibarua ambao hawakuwa wanachama kamili hawakupata fungu katika fedha zile, ingawa jasho lao lilikuwa lile lile. Tena, kazi ya kujaza makontena nje ya bandari haikufungwa barabara. Katika mwaka 1971 na 1972 makuli hao hao waligoma siku 134 kwa jumla, na moja ya madai yao makubwa lilikuwa kazi hiyo iliyowatoroka.

Uingereza mambo yalikuwa mabaya zaidi. Julai 1972 makuli watano walifungwa katika gereza la Pentonville, London, kwa kuzuia malori kwenye ghala ambako kazi ya makontena ilikuwa ikifanywa na watu wasio wa bandari. Wafanyakazi wengi mno waligoma, na baada ya siku chache watano hao wakafunguliwa. Kazi haikurudi. Kati ya 1967 na 1981 magati ya zamani ya London, yale yaliyo karibu na mji, yalifungwa moja baada ya jingine.

Wala haya si ya zamani tu. Tarehe 17 Machi 2022 kampuni ya P&O Ferries, ambayo ilikuwa mali ya DP World ya Dubai, iliwaachisha kazi mabaharia karibu 800 kwa tangazo la video, na nafasi zao zikachukuliwa na watu wa mawakala. Mkuu wa kampuni aliliambia Bunge la Uingereza kwamba wapya hao wangelipwa wastani wa pauni 5.50 kwa saa, na akakiri kwamba sheria iliwataka kushauriana kwanza na vyama vya wafanyakazi nao hawakufanya hivyo.

Oktoba 2023 serikali yetu ilitia sahihi na DP World mkataba wa miaka 30 wa kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam. Haina maana kwamba yaliyotokea Dover yatatokea Kurasini. Sheria ni nyingine na kazi ni nyingine. Maana yake ni kwamba viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi wana jambo la kusoma.

Na wasome kwanza Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 38 chamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mara tu wazo linapomjia, aeleze sababu, na ashauriane nao kabla ya kitendo. Kifungu cha 42 chataja kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, usizidi miaka 10. Kwa hiyo aliyetumika miaka 10 hupata siku 70, na aliyetumika miaka 25 hupata siku 70 zile zile. Hicho ni kima cha chini. Sheria haikukataza mkataba wa hali bora kutaja kikubwa zaidi, wala kutaja mtambo wenyewe, mwezi utakaofika, watu watakaofundishwa kuuendesha, na kazi ambazo hazitapelekwa kwa wakala.