Parachichi lisiishie sokoni: Mafuta na ubongo wa mtoto

Ukipita sokoni Tukuyu wakati wa msimu utakuta matenga ya parachichi na mikungu ya ndizi imepangwa, na asubuhi maziwa yanapelekwa kuuzwa. Rungwe ni wilaya ya neema. Lakini jiulize, katika neema yote hiyo, mtoto wako wa miezi minane amepata nini? Mara nyingi ni uji mwepesi wa mahindi mitupu.

Wengi hudhani kazi ya mafuta ni kunenepesha tu. Sivyo. Ubongo ukiondolewa maji, zaidi ya nusu ya uzito unaobaki ni mafuta. Nyuzi za neva zimevikwa utando wa mafuta, mfano wa waya wa umeme uliovikwa plastiki. Utando huo ndio unaowezesha taarifa kusafiri haraka. Kazi ya kuuvika huanza mtoto akiwa tumboni na huenda kwa kasi sana katika miaka 2 ya mwanzo.

Ndiyo maana karibu nusu ya nguvu iliyomo katika maziwa ya mama hutokana na mafuta. Mtoto anyonye maziwa hayo peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akila. Surat al-Baqara aya ya 233 inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na Shirika la Afya Duniani nalo linashauri miaka 2 au zaidi.

Tatizo huanza baada ya miezi 6. Tumbo la mtoto ni dogo, uji mwepesi hulijaza bila kumpa nguvu. Mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga wa uzito uleule. Basi fanya haya:

1. Ponda parachichi lililoiva, changanya na ndizi au viazi vilivyopikwa. Humpa mtoto mafuta mazuri na nguvu.

2. Parachichi pekee halitoshi, kwani halina mafuta ya omega-3 kama ya samaki, ambayo ubongo unayahitaji. Chukua usipa wa Ziwa Nyasa au dagaa, safisha, kausha, saga, kisha upike pamoja na uji. Mama mjamzito na anayenyonyesha naye ale samaki.

3. Karanga zisagwe hadi zilainike. Punje nzima zinaweza kumpalia mtoto.

4. Maziwa ya ng'ombe yachemshwe, wala usiyaengue mafuta kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Yasichukue nafasi ya maziwa ya mama.

5. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuandaa chakula na kulisha. Mtoto anayeharisha hafaidi anachokula.

Mafuta peke yake hayamfanyi mtoto awe na akili. Anahitaji pia madini ya chuma, chumvi yenye madini joto, mboga, na kuzungumzishwa. Lakini wingi wa mavuno nao si kinga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, na Iringa, mkoa unaolima chakula kingi, ulikuwa na zaidi ya nusu.

Baba unayepeleka tenga sokoni, mtoto ni amana. Kabla hujalifunga, toa parachichi mbili, ziache nyumbani.